Uji wa Komando

Mbulumbulu, Karatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umenikasirikia kwa kunyamaza, na una haki. Tangu mvua zianze nasema kesho nitaandika, na kesho ikifika kuna kupalilia. Simu ya shangazi huko Digodigo haipatikani hata nikipanda kilimani. Sasa nimepata dereva wa lori anayepeleka mzigo Loliondo, ameahidi barua itawafikia. Miguu yako inaendeleaje? Usiniambie bado unasimama kwenye maji ya mfereji kumwagilia. Ester hajambo, ameota meno ya juu na anayajaribia kwangu. Baba yake yuko Ngorongoro, anapikia watalii kambini, nyumbani anakuja kwa kubahatisha. Mimi nimechoka, Mama, sikufichi. Lakini bado nimesimama.

Kilichonichosha ni mbwa. Usicheke kwanza. Shamba nililopewa nilime ni lile la mwisho kabisa, linapakana na msitu, na msimu uliopita nyani walikula mahindi mpaka nikabaki na mabua. Shemeji Paulo, kaka yake Baba Ester, akasema mbele ya watu: "Likiliwa tena, shemeji, nalichukua. Sitoi ardhi ili ulishe nyani." Ndipo Baba Ester akaniletea Komando, mbwa mkubwa mwenye sauti nzito. Akibweka tu, nyani wanarudi juu ya miti.

Shida ni tumbo lake. Komando hali ugali. Hali makande. Ukimwekea ananusa, anakutazama kama umemtukana, anaondoka. Njaa ikimzidi anakula, halafu anatapika na kuharisha, na hapo hana nguvu hata ya kubweka. Hapa mbwa hula kinachobaki, basi nimechekwa sana. Mama mkwe alikuwa anamwonyesha kila mgeni: "Mtazame huyu, alikuwa anakwenda loji ya watalii, akapotea njia." Shemeji Paulo akasema nimtoe, ataleta mwingine anayekula hata kamba. Nikamwambia, "Shemeji, mahindi yameanza kubeba. Huyo mgeni atalijua shamba lini?"

Nikakumbuka muuguzi wa kliniki alivyotufundisha tulipowaanzishia watoto chakula: mpe kimoja, kidogo, kaa siku kadhaa uone tumbo linasemaje, ndipo uongeze kingine. Nikamfanyia Komando hivyo hivyo. Ugali peke yake, akaharisha. Maharage ndiyo usiseme. Nikageukia ule unga wa mtama mliotuletea kwenye ubatizo wa Ester. Nikapika uji mzito bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu, nikaupoza, nikapondea yai la kuchemsha. Mama, alikula! Akailamba sufuria mpaka akaisukuma katikati ya uwanja. Mama mkwe akashika kichwa: "Yai! Yai la mjukuu wangu limeingia tumboni mwa mbwa!"

Tumbo likatulia, nikaona tumeshinda. Mara ghafla, kuharisha tena. Nikachekecha unga upya, nikasugua sufuria kwa majivu, nikamwita bwana mifugo. Akaniuliza, "Kuna mtu anampa maziwa?" Nikamjibu hakuna, na nilikuwa na hakika.

Asubuhi moja nikawahi kurudi kutoka bombani. Nyuma ya zizi nikamkuta mama mkwe ameinama, anammiminia Komando maziwa ya mgando, tena anamnong'oneza, "Kunywa baba, kunywa. Huyu mama yako anakutesa na uji."

Yule yule aliyekuwa anamcheka!

Unajua mkwe hagombezwi. Nikamshusha Ester mgongoni, nikamtazama usoni, nikasema kwa sauti, "Ester, mwambie bibi maziwa ndiyo yanayomuumiza Komando. Akiugua, nyani watakula mahindi yako."

Mama mkwe hakugeuka. Naye akamjibu Ester, "Mwambie mama yako, mimi siwezi kunywa chai yangu kiumbe kinanitazama machoni."

"Mwambie bibi, basi amlishe yeye. Lakini uji tu. Maziwa hata tone, hapana."

"Mwambie mama yako ana kichwa kigumu."

"Mwambie bibi ni kweli."

Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile yeye ndiye anayemlisha, asubuhi na jioni, na jirani akija na ukoko wa makande anamzuia mlangoni: "Rudi nao, huyu ana tumbo la peke yake." Komando amejaa mwili. Juzi nyani walishuka kundi zima, akawarudisha msituni wote, na shemeji Paulo amesimama barabarani anaona. Hakunisifu. Aliuliza tu, "Leo amekula nini?"

Ila mahindi bado hayajakauka, na unga wako uko ukingoni. Mtama wa sokoni Karatu ni wa kupikia pombe, una mchanga na ukungu. Nilijaribu, akatapika siku hiyo hiyo. Nimefika mbali mno kurudi nyuma. Shamba hili silitoi, Mama.

Nisalimie baba, mwambie jembe alilonipa bado lina makali. Nisalimie kaka Yohana na mbuzi wake, shangazi mwenye simu isiyopatikana, na mjomba wa mizinga ya nyuki. Bibi mzaa baba mbusu mkono kwa niaba ya Ester.

Ni mimi binti yako,
Rehema, Mama Ester

Dereva akigeuza kutoka Loliondo, mpeni hivi:

Unga wa mtama mwekundu, madebe mawili. Usagwe peke yake, mashine isiwe imetoka kusaga mahindi.

Mtama wa mbegu, kopo moja. Nitaupanda nyuma ya nyumba, nisiwasumbue tena mwakani.

Asali kidogo kwa ajili ya mama mkwe. Sema imetoka kwako.

Na kengele ya beberu, ile kubwa, nimvalishe Komando. Nataka nyani wamsikie kabla hawajamwona.