Nusu Saa ya Ziada

Edmonton, Kanada
8 Juni 2014

Mpendwa mdogo wangu Eduvigis,

Mwezi huu natimiza miaka arobaini tangu niondoke Temuco, kwetu Chile. Hujambo wewe? Goti limepoa, au mvua zimeliamsha tena? Mimi sina ugonjwa, ila nimechoka.

Pilipili ya moshi uliyotuma ilifika salama. Binti yangu Ximena anaitia hata kwenye mayai.

Habari kubwa ni ya binti yake, Rayén. Yuko darasa la tisa pamoja na wenzake wanaotembea, na kiti chake cha magurudumu hakijawahi kumrudisha nyuma. Kinachomchelewesha ni mikono. Jibu analo, kuliandika ndiyo kazi. Kwa hiyo kwenye mtihani wa mkoa hupewa nusu saa ya ziada. Shule imetuambia kwamba matokeo ndiyo yataamua kama Septemba ataendelea na rafiki zake sekondari ya juu, au atatengwa kwenye darasa la walemavu.

Jumatatu alifanya mtihani wa kusoma. Walimweka chumba cha mashine ya kunakili, yeye na msimamizi tu. Wenzake walipomaliza, basi lenye lifti ya kiti likafika, naye akatolewa. Maswali kumi na moja hayakuguswa. Nusu saa yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na mtihani huo haurudiwi.

Dereva, Bwana Gurnam, ni mtu mwema. Aliniambia, "Mzee, nikimngoja huyu, wapo wanne wameninunia shule ya pili. Nijikate vipande?"

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Akanionyesha fomu. "Mzee wangu, muda wa ziada kaandikiwa, huu hapa."

"Fomu haina magurudumu," nikamwambia. Hakucheka.

Rayén ndiye aliyecheka. "Babu, wamenipa nusu saa, basi likaninyang'anya. Wamalizane wenyewe." Kisha akajifungia chumbani mpaka chakula kikapoa.

Nilidhani kazi ilikuwa kumwingiza shuleni. Tulihangaika miaka miwili kwa hilo, nikaona tumemaliza. Sikuwahi kuuliza basi linaondoka saa ngapi.

Hesabu ni Alhamisi hii. Ximena yuko zamu hospitalini mpaka jioni, basi nimetia saini kwamba nitamchukua mimi. Jana tulifanya mazoezi: kumnyanyua, kumkalisha garini, kukunja kiti. Dakika kumi na nne.

"Taratibu, Babu, mimi si gunia la viazi!"

"Gunia lingenyamaza," nikamjibu, mgongo ukiniwaka.

Umeniuliza kuhusu tiketi ya Desemba, na chumba ulichokipaka rangi kwa ajili yangu. Nimelifikiria sana. Sekondari ya juu ni miaka mitatu, mitihani kila Januari na Juni, na basi ni lile lile. Afaulu asifaulu, atahitaji mtu wa kumngoja mlangoni. Akimaliza nitakuwa na miaka sabini na minane. Chumba mpe mwanao Fresia na mtoto wake; kisikae bure.

Nisalimie Fresia, na Nibaldo na mkewe. Mungu akulinde na baridi ya huko, akujalie usingizi mzuri.

Usiniwekee tena tumaini, mdogo wangu. Sitarudi.

Kaka yako, akupendaye hata kwa mbali,
Heriberto