Bibi, Jiko Nililopata Ni la Udongo

Kwako Bibi, mke wangu wa kwanza na wa pekee,

Shangazi ndiye atakayekusomea hii. Mwambie asiruke mstari, hasa pale ninapojisifu.

Kwanza, simamisha vigelegele. Juzi nilituma sauti kwenye simu yake huko Ruangwa nikasema, "Mwambieni Bibi nimepata jiko. Jipya, zuri, halina moshi. Arudi Nachingwea haraka." Mkajibu kwa vigelegele mpaka simu ikakoroma, halafu nikakusikia wewe: "Ee, mume wangu! Unaniletea mke mwenza kimyakimya? Wa wapi huyo? Wa Chinongwe? Kutwanga anajua?" Sasa naambiwa umeshanunua doti ya khanga, na jogoo kafungwa miguu. Bibi, jiko nililopata ni la udongo. Nimelifinyanga kwa mikono yangu. Halina wazazi wala mahari.

Haya, cheka, ukimaliza unisikilize. Nina hofu kwamba ukijua hakuna bibi harusi utaghairi safari. Tangu ulipopasuliwa macho, Shangazi ana wimbo mmoja tu: "Mama harudi kwenye moshi ule." Na ana haki. Moshi wa jiko letu ulikuwa unawatoa nje hata panya.

Unakumbuka siku niliyorudi na begi, kidato cha pili kikiwa katikati, nikakwambia shule basi? Ulikuwa umeinama kwenye mafiga unapuliza moto, machozi yanakutiririka. Nikasema, "Bibi, usilie." Ukanijibu, "Nani analia? Moshi huu." Kisha ukanipa mwiko nisonge ugali. Nikamwaga unga wote kabla maji hayajachemka, nikala kofi la kisogo: "Kila kitu kina mwanzo wake, mjinga wewe!" Tulikula madonge, na bado ukaenda kunisifu kwa majirani. Mpaka leo sijui yale machozi yalikuwa ya moshi au yangu. Ndiyo maana nikaamua huo moshi uondoke.

Lakini lile kofi nilikuwa nimelisahau. Nilianza na chokaa, kwa sababu chokaa ndiyo inayoonekana. Nikapaka kuta zote nne za chumba cha jiko, nikapiga picha, nikawatumia wasichana wawili wa Mandawa. Kesho yake nikapanda juu kuezua nyasi. Weee Bibi! Masizi ya miaka yako yote ya kupika yakashuka kwa pamoja. Kuta zikawa punda milia, mimi nikabaki meno tu. Fundi Chande, yule mwashi jirani yetu, akachungulia mlangoni.

"Kijana, umevaa kanzu nyeupe kabla ya kuoga."

"Nilikuwa naijaribu chokaa, fundi."

"Imekujaribu wewe."

Alipoondoka nikaokota mkaa, nikaandika kazi zote ukutani kwa zamu zake, juu ya chokaa ileile iliyoniaibisha. Paa kwanza: bati, na tundu la bomba la moshi. Halafu dirisha, upande wa banda la kuku, uwaone wanavyoibiana mayai. Halafu lipu. Ndipo jiko lenyewe, la udongo wa kichuguu, nimeukanyaga na nyasi mpaka magoti yakaomba radhi. Lina matundu mawili, ugali huku, mboga huku. Nimeliinua lifike kiunoni kwako usiiname tena. Nilimsimamisha Mama Rukia hapo nipime, maana mnalingana kimo, ingawa yeye hana maringo yako. Chokaa ikafuata, na sakafu ya saruji mwisho, nikirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Watu watakwambia mpangilio ule ulisahihishwa na Chande. Ni mambo mawili tu, Bibi, au matatu.

Jiko halijakauka, kwa hiyo haliwezi kupikiwa bado, lakini bomba nimelijaribu. Nilichana daftari langu la hesabu, nikaliwasha pale chini. Hesabu zote zilizonishinda zikapanda bombani zikatoka nje, ndani haikubaki hata moja! Mama Rukia akapiga kelele kwamba nyumba inaungua. Nikamwambia hiyo ni elimu yangu inapaa.

Basi, mke wangu, nimebaki na jiko zuri kuliko yote ya mtaa huu, na hakuna wa kunitukana ndani yake. Nakula wali wa kununua. Majirani wananisalimia vizuri tu, na salamu nzuri kila siku zinachosha. Nakukumbuka unavyonguruma asubuhi kabla hujapata chai.

Hiyo khanga jifunge mwenyewe, na jogoo mfungue miguu, aje akiwa hai. Jumamosi nakuja Ruangwa kukuchukua. Ukikataa, au Shangazi akikukatalia, sitagombana na mtu. Nitatandika mkeka barazani kwake, nitakula asubuhi, mchana na jioni, nitaomba nyongeza, na nitamsimulia kila mgeni jinsi ya kujenga jiko, kuanzia kwenye bati. Nampa siku tatu. Atakufungia mizigo kwa mikono yake mwenyewe.

Ni mimi mumeo mdogo,
mjukuu wako, fundi mkuu wa jiko