Kuyu Wanaotazama Mlango

3 Machi

Kiroboto wangu,

Hujambo wewe? Unakula? Usiniambie tu kwamba unakula, niambie umekula nini. Mimi goti linanisumbua, ila mdomo mzima, waulize majirani.

Nakuandikia kwa herufi zilezile ulizonifundisha kwenye meza ya jikoni ulipoanza shule, mimi naosha vyombo, wewe unanifokea. Zikiwa zimepinda, ujue mwalimu alikuwa mbovu.

Nina habari mbaya. Samaki wako mmoja amekufa, kuyu yule wa pezi lililochanika. Wamebaki wanne. Wamekua, kila mmoja ananizidi kiganja, magamba yanang'aa kama sufuria mpya, lakini tangu wapungue wanajibanza pembeni mwa tangi. Tena wananidharau. Wewe ulipokuwa unarudi kutoka kazini jioni, kabla hujagusa kitasa wao wameshajipanga kwenye kioo, macho mlangoni. Ukiingia wanakufuata mpaka kwenye kiti chako. Mimi nawalisha, nawabadilishia maji, na bado wananitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita.

Kuna mtu anauza samaki kwenye mifuko ya plastiki pale stendi, bei ya kutupa. Nichukue mmoja?

Bibi yako

11 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimekula mkate na mayai mawili. Umeridhika? Pole na goti.

Stendi usinunue kabisa! Wale wanakuja na ugonjwa wa madoa meupe, ukimwingiza mmoja umewaua wote. Nenda kwa Mama Chujio, duka la nyuma ya fundi baiskeli. Yeye hakuuzii samaki aliyeingia jana, na atamlisha mbele yako kabla hujalipa. Ukifika nyumbani usimtie tangini. Mweke kwenye beseni la buluu chumbani kwangu, wiki tatu, hata kama unamhurumia. Hasa kama unamhurumia, nakujua.

Huku kazi ndiyo hiyo. Jengo la kuonyesha samaki bado halijafunguliwa. Tangi lake ni kubwa kuliko nyumba yetu. Navaa mtungi wa hewa, naingia, nasugua kioo kwa ndani. Bosi wetu ananunua kila kitu popote penye urahisi. Samaki walikuja na lori, nusu wameshageuka tumbo juu. Hata kioo chenyewe ni cha mtumba, hakuna anayejua kilitoka wapi. Pembeni kina mstari mwembamba kama unywele. Nikiweka kiganja pale kinavuma, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Kuyu wa huku hawaisogelei pembe ile.

Usiogope lakini.

Mjukuu wako, Kiroboto

28 Machi

Kiroboto,

Salamu utazipata mwisho wa barua. Umeniambia nisiogope, nikaogopa hapohapo.

Nilikwenda kwa huyo Mama Chujio wako. Nikamwonyesha mmoja mzuri, mapezi mekundu. "Nipe huyu."

"Huyo kaingia jana, mama. Rudi wiki ijayo."

"Unanirudisha na goti hili?"

"Goti litapona. Samaki akifa, utanirudia mimi na maneno."

Nikamwita jina ambalo hukunifundisha kuliandika. Lakini nilirudi. Akamlisha, samaki akala mkononi mwake, akamgeuza pande zote nikamkagua kama mchumba. Ndipo akapokea hela. Sasa yuko kwenye beseni lako. Namhurumia, lakini sijamgusa.

Sasa nisikilize. Mtu anayekataa hela yako mpaka ajiridhishe, huyo mwamini hata akikuudhi. Huyo bosi wako hajui hata kioo chake kimetoka wapi, na wewe unaingia nyuma yake na roho yako moja! Samaki wenyewe wanaikimbia ile pembe. Umewazidi nini, miguu? Toka humo. Kazi tutatafuta. Godoro lako nimeshalianika.

Haya, hujambo?

Bibi yako

2 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Sijambo, mkali wangu.

Nimemwambia bosi naacha. Akacheka, kisha akaona sicheki. Wanafungua Jumamosi na hana mwingine wa kuingia majini, kwa hiyo Ijumaa jioni nasugua mara ya mwisho, halafu napanda basi. Pembe ile nitaipitia harakaharaka.

Mgeni usimchanganye na wenzake mpaka nije, nataka kumwona. Na utoe nguo za kupiga pasi kwenye kiti changu, najua umezirundika.

Kiroboto wako

9 Aprili

Kiroboto,

Hujambo? Nijibu hilo moja tu, mengine acha.

Ijumaa jioni nilikuwa nazitoa zile nguo kitini. Nikatupa jicho kwenye tangi, nikaona wanne wote wamejipanga kwenye kioo, macho mlangoni. Nikafurahi kama mjinga, nikakimbilia kufungua, na goti langu hili. Hakuna mtu. Nikafunga. Nilipogeuka walikuwa wanahama taratibu, vichwa pamoja, kutoka upande wa mlango mpaka upande wa kiti chako. Wakasimama hapo. Nikawatupia chakula. Kikaelea juu, hakuna aliyekitazama.

Nikaingia chumbani kwako. Yule mgeni, ambaye hajakuona hata siku moja, alikuwa ameubandika mdomo kwenye beseni, upande wa sebuleni kilipo kiti chako.

Ndivyo wanavyofanya kila jioni sasa.

Jumamosi nilikuwa stendi. Nilimkodolea macho kila aliyeshuka, mpaka dereva akaniuliza kama nimepotelewa na mzigo. Nikamwambia ndiyo. Nimepiga simu kwenye jengo lenu kwa simu ya fundi baiskeli. Inaita mpaka inakatika.

Leo nimeugusa mto wa kiti chako. Umelowa. Nimenusa. Ni maji ya samaki, na tangi letu halivuji.

Sasa sikiliza, popote ulipo. Kama uko njiani na umenipandisha presha kwa uvivu wa kuandika, nitakuchapa na ukubwa wako huo. Na kama ni wewe unayekuja jioni, kwa nini unakaa na maji mwilini kama mtu asiye na kwao? Taulo kavu nimelitundika kwenye mgongo wa kiti. Chakula kiko mezani, nimefunika. Mgeni nimemtia na wenzake kabla ya wiki zake kuisha. Nimeshindwa kumwacha peke yake anatazama plastiki. Ulisema unataka kumwona.

Barua hii siipeleki posta. Naiweka kitini, juu ya taulo.

Wameshaanza kujipanga. Wote watano. Leo sikimbilii mlango, nisije nikakutisha. Keti, mwanangu. Nipo.

Bibi yako