Pikipiki Inazima Mlimani na Binti Ananingoja

Mpendwa Shangazi Plagi, naomba msaada wako maana mafundi wameshanichosha na mimi nimeshawachosha. Mimi ni fundi bomba, mtu mzima, mke wangu alifariki mwaka jana na tangu hapo naishi peke yangu na hii pikipiki, ndiyo tuliyokuwa tukipanda wote wawili, yeye nyuma kalikumbatia begi langu la spana, na sasa nayo imeanza kunisusa. Asubuhi inawaka vizuri, najisemea leo tutafika, lakini nikianza kupanda ule mlima wa kutokea mjini inakohoa, inakwamakwama, nguvu zinaisha, nikivuta eksileta ndiyo kwanza inazidi kulegea, mwisho inazima. Nashuka, nafungua kifuniko cha tangi nione kama petroli ipo, ipo tele, nafunga, napiga kiki, inawaka kama haikuwa na neno, halafu mbele kidogo mchezo ni ule ule, basi nageuza narudi nyumbani. Nimebadilisha plagi, kabureta imeoshwa, kichungi cha hewa ni kipya, na fundi akiijaribu pale uani kwake haina hata kikohozi, ananitazama kama mzee anayetafuta mtu wa kuongea naye, na Shangazi, sitakuficha, hajakosea sana.

Nyumbani hakuna wa kunipokea, naongea na redio. Pikipiki nailaza chumbani, ule upande aliokuwa akilala mama watoto, kwa sababu pakibaki patupu sipati usingizi, na kwa ajili ya harufu nimeweka nailoni chini ya kifuniko cha tangi nikakikaza barabara, kwa hiyo usidhani chombo nimekitupa.

Sasa kilichonifanya niandike ni binti yangu wa pekee, amejifungua huko upande wa pili wa mlima na mjukuu bado sijamwona. Kila nikisema nakuja, naishia njiani. Juzi kanipigia simu, sauti ya chini, akaniambia, "Baba, kama hutaki kuja sema tu, nisiwe nakutengea chakula." Naogopa nampoteza na yeye. Nifanye nini na injini hii?

Fundi Bomba

Fundi bomba, pole sana kwa msiba. Nilikuwa nasikitika na barua yako mpaka nilipofika kwenye nailoni, nikaiweka chini nikacheka peke yangu. Baba wewe, tangi la maji ukiliziba juu lisipate hewa, bomba la chini litatoa nini? Si ndiyo kazi yako hiyo? Kifuniko cha petroli kina kitundu cha hewa, na wewe umekiziba kwa mikono yako. Petroli inashuka, hewa haiingii kushika nafasi yake, mwisho petroli inagoma na injini inakufa njaa huku tangi limejaa. Ukifungua kuchungulia, hewa inaingia, ndiyo maana inawaka tena. Pale uani kwa fundi haikai ikitembea kiasi cha kuishiwa.

Toa hiyo nailoni leo. Kitundu kizibue kwa sindano, puliza uone kama pumzi inapita. Ikikohoa tena njiani, legeza kifuniko tu, usiguse kingine. Ikipata nguvu, nunua kifuniko kipya. Isipopata, fundi akague koki ya petroli na mpira wake. Na hiyo pikipiki itoke chumbani. Unavuta mvuke wa petroli usiku kucha, na siku ukiwasha kiberiti humo utawaletea watu msiba mwingine. Kitanda kisogeze ukutani, ulale katikati.

Sasa ngoja nikuseme. Huko kwa binti mabasi hayaendi? Yanaenda, na wewe unajua. Injini imekuzuia mara chache, zilizobaki umejizuia mwenyewe, kwa sababu unaogopa kumbeba mjukuu bila mama watoto kuwa pembeni. Nakuonea huruma, wallahi. Lakini kesho panda basi, pikipiki iache. Ukifika utalia. Lia hapo hapo, usitoke nje kujificha. Barua nzima umenieleza ulivyofiwa na mke. Binti yako naye kafiwa na mama, na kajifungua bila yake, macho mlangoni, akingoja labda baba atatokea.