Chupa Niliyoiandika Jina la Omari

Jumanne, 13 Machi 1956

Joto. Tangu asubuhi hakuna jani lililotikisika, na mvua ya masika bado haijatoa hata dalili. Nimekaa nyuma ya jiko, mtoto mchanga amelala mkekani, na adhana ya alasiri imekwisha kupita. Herufi zikienda upande, daftari langu, nisamehe.

Nina hofu, na hofu hii nimejitilia mwenyewe.

Niandike taratibu, tangu mwanzo, labda nitajielewa.

Ni wiki ya tatu sasa tangu wale watu wa uchunguzi wapige hema karibu na ziwa letu. Ni Wazungu watatu, pamoja na Bwana Salimu, dresa wa hospitali kutoka Mombasa, ambaye ndiye anayewasemea kwetu. Watu wamewaita Mabwana Konokono, maana kila asubuhi huingia majini na viatu vya mpira hadi mapajani, wakachota konokono na kuwatia vikombeni mmoja mmoja kama tunda la thamani. Mwanakombo, jirani yangu, alisema ati wametoka kwao kote huko kuja kuwajua kwa majina konokono wa Msambweni. Na walipoanza kuomba mikojo ya watoto akauliza, "Kwani kwao watu hawakojoi?" Tulicheka mpaka ndoo zikatumwagikia.

Bwana Salimu hakucheka. Alitueleza kwamba kichocho hutoka kwa konokono hao, kikaingia mwilini kwa ngozi mtu akiwa majini, kisha kikataga mayai kwenye kibofu. Ziwa letu litatiwa mrututu kuwaua konokono. Ziwa la ng'ambo ya kilima litaachwa vivyo hivyo, wapate kulinganisha baada ya mwaka. Mrututu tunaujua, ule unga wa buluu tunaoutia kwenye vidonda. Lakini magunia mazima, ndani ya maji tunayofulia? Mzee mmoja aliuliza samaki watakuwaje. Bwana Salimu akasema wengine watakufa. Hakuficha, na kwa hilo nilimwamini.

Yumo na bibi mmoja wa Kizungu, anayekwenda nyumba kwa nyumba akiuliza nani huenda ziwani, saa ngapi, kufanya nini. Aliniuliza kama mwanangu Omari huoga ziwani. Nikasema haogi, nimemkataza. Omari alikuwa amesimama mlangoni, nywele zinamchuruzika maji. Yule bibi akamtazama, akanitazama mimi, akaandika. Sijui aliandika nini.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulikuwa mdogo.

Mimi nilisoma miaka mitatu tu, kisha nikaozwa. Lakini Bwana Salimu alipojua naandika, alinipa kazi ya kuandika majina ya watoto wa upande wetu kwenye vikaratasi vya chupa. Kila mtoto huleta mkojo wake saa sita, jua likiwa utosini, maana ati ndio wakati mayai hutoka kwa wingi. Alinisifu kwamba mwandiko wangu ni safi. Niliona fahari jamani. Hata mume wangu Juma, aliporudi Ijumaa kutoka shamba la miwa, nilimwonyesha namna ninavyoandika.

Sasa la kweli.

Miezi miwili nyuma nilimwona Omari akikojoa nyuma ya nyumba, na mwisho wa mkojo lilitoka tone jekundu. Nilikwenda mbio kwa mavyaa. Mama yake Juma ni mtu wa maneno machache. Alicheka akasema wanawe wote wa kiume walipitia hayo, mtoto anakuwa dume. Nikapumua. Sikuliona tena lile tone, nami sikulitafuta.

Bwana Salimu aliposema damu ndiyo dalili, nililikumbuka lile tone. Na dawa yake nimeisikia. Ni sindano za mshipani, siku baada ya siku. Mtu hukohoa, hutapika, moyo humwenda mbio. Hupimwa kwa uzito wa mwili, na ikizidi ni hatari. Omari ana miaka saba. Mbavu zake naziona akivua kanzu. Mwaka jana homa ilitaka kuninyang'anya mtoto huyu, na tangu hapo hajanenepa.

Basi ilipofika zamu yetu niliichukua chupa yake, nikaingia nayo chooni, nikaijaza mimi. Mkojo wangu ni mweupe kama maji, sijaona damu hata siku moja. Nikasema, hii itatoka safi, mwanangu ataachwa. Kisha kwa mwandiko wangu ule ule uliosifiwa nikaandika: Omari Juma.

Leo asubuhi majina yamesomwa pale hemani.

La Omari lilikuwa la nne. Ana mayai, tena mengi. Sindano zinaanza Alhamisi.

Nilisimama na mtoto mgongoni kama niliyepigwa. Bwana Salimu alidhani ni uchungu wa mama, akanipa pole. Mwanakombo naye, ambaye mwanawe ametoka safi, alinishika bega na hakufanya mzaha wowote. Pole zao ziliniunguza.

Njiani Omari alinivuta kanga. Kumbe siku ile alikuwa amejibana nje ya choo, aliona yote. Akaniuliza polepole:

"Mama, mgonjwa ni mimi au ni wewe?"

Nilimwambia atazame njia asikanyage mwiba.

Mayai yale ni yangu. Pengine nimeyabeba tangu utoto, nikiteka maji na kufua hadi magotini, nisihisi kitu ila kiuno kuuma, nacho nilidhani ni cha uzazi. Na huyu mchanga ninayemnyonyesha? Sijui kama haya hupita kwenye maziwa. Nani wa kumwuliza, wakati kuuliza ndiko kujifichua?

Na Omari, anayo au hana? Wao wana kile kioo cha kuonea vidudu visivyoonekana, na mimi ndiye niliyekiziba. Nikinyamaza, Alhamisi mwanangu huenda akachomwa dawa kali kwa ajili ya ugonjwa ulio tumboni mwangu. Nikisema, atapimwa upya, na huenda akaonekana anayo kweli, sindano zikawa zile zile. Kisha kijiji kizima kitajua. Nitanyang'anywa kalamu. Juma ataniambia nini Ijumaa?

Mchana nilitoka kwenda hemani. Nikafika kwenye mkorosho wa mwisho, nikaona shati jeupe la Bwana Salimu, nikarudi.

Nikamwendea mavyaa. Alikuwa akikuna nazi. Nilimwambia yote, hata lile la chupa. Nilingoja anicheke au anifokee. Aliendelea kukuna, kisha mbuzi ikanyamaza. Akaniuliza kama damu ya Omari ilikuwa mwisho wa mkojo au tangu mwanzo. Nikamwambia mwisho. Nazi ikamlalia mkononi. Halafu akamtaja Hamisi, kaka yake Juma, ambaye mimi sikumkuta. Alivimba mwili akafa kijana, na walisema ni husuda.

"Hamisi wangu alikojoa damu mpaka siku aliyokufa," alisema. "Nami nilikuwa nikifurahi kwamba anakua. Nenda kaseme."

Nilipoinuka aliniita tena, akaniagiza nimwombee chupa na yeye.

Tangu hapo hofu haijapungua, ila imegeuka uso. Mchana nilikuwa nikiogopa kusema. Sasa naogopa Alhamisi yenyewe, ule mkono mwembamba, ule mshipa. Lakini wakimpima kwa mkojo wake, wakamweka kwenye mizani kwa mwili wake, angalau dawa itakayomwingia itakuwa yake. Hilo nimelishika. Na mwakani, inshallah, akitoka ziwani nywele zinachuruzika, nisitetemeke.

Vikaratasi vitatu vimelala hapa mkekani, wino unakauka. Cha kwanza cha mavyaa. Cha pili Omari Juma. Cha tatu nimeandika jina langu, ambalo hakuna aliyeniagiza niliandike, maana wanapima watoto tu. Herufi zake hazikutoka nzuri kama za wengine.

Kesho jua likifika utosini, Omari ataijaza chupa yake mwenyewe mbele ya Bwana Salimu, nami nitasimama kando nimeshika yangu. Maneno ninayo tayari. Naomba Mola anipe sauti.