Kwa Mawazo, uliyewaketisha wazazi wa mtaa wetu wa Katuba kwenye hesabu za watoto wao

Mwaka umetimia, Mawazo, tangu malaria ikutoe kwetu wakati wa mvua. Mumeo Djafari bado hujisahau, akakuita kutoka kwenye cherehani umletee mkasi.

Mji ulikuwa umeporwa, walimu hawalipwi, shule zimefungwa, nawe ukabaki mwalimu bila darasa. Hukukaa kulalamika. Uliwaita wazazi uani kwetu, ukawaambia hesabu sasa zitafanyiwa nyumbani. Hofu yako ilikuwa moja: shule zikifunguliwa, binti yenu Mounira asirudishwe darasa la nyuma.

Mama Bénédicte, muuza unga, alikataa katakata, eti yeye hakusoma. Ulicheka, ukamwambia achote unga kwa meka yake, lile kopo la kupimia, mtoto agawe mafungu, naye aulize tu amefikaje hapo. Hukumdharau mtu, na hakuna aliyekusikia ukimwita mtoto mjinga.

Aliyekupa kazi kubwa ni mumeo. Fundi huyu akiona mshono wa mwanafunzi umepinda, huufumua akaumaliza mwenyewe, na hesabu za Mounira alizifanya vivyo hivyo. Mtoto akikwama kidogo tu, Djafari keshanyakua chaki. Ndipo ukaweka sheria: mzazi akalie mikono yake. Watu wazima wakakaa hivyo uani, wengine wakiona haya, wengine hawana mbavu kwa kicheko.

“Mutoto iko anawaza, Baba Mounira,” ulimwambia. “Masomo ikifunguka, utaingia naye mu kalasi?”

Alinuna siku ile. Leo anakushukuru.

Ulipotutoka, shule zilikuwa bado hazijafunguliwa. Djafari alishika nafasi yako kando ya Mounira, na ilimuuma sana kumwona akihangaika na kugawanya, mama yake hayupo. Hakumpa jibu hata hivyo. Mara nyingine walilia wote wawili, wakapangusa machozi, wakaendelea. Mama Bénédicte naye huja na watoto wa jirani, na uani kwetu hapajapoa.

Asante, mama, kwa uvumilivu wako na kwa jinsi ulivyotuamini. Tunaokukumbuka ni mumeo Djafari, dada yako Sofia, mama mkwe wako Bi Zaina na wazazi wote wa Katuba uliowafundisha. Hatutakusahau kamwe. Mwenyezi Mungu akurehemu.

Binti yako Mounira ameomba tukuambie jambo ambalo hukuwahi kulisikia: shule zimefunguliwa, walimpima hesabu ubaoni, na hakurudishwa nyuma.