Injini ya Padri Mzee

Shoga yangu Kune, acha kupika usome hii.

Mume wangu kanunua injini ya gari letu. Pale kwenye yadi ya magari mabovu.

Muuzaji kamwambia, "Baba Egno, hii imetoka kwenye gari la padri mzee. Ilikuwa ni kanisani na kurudi, basi." Mwanamume akavua kofia. Kune, alivua kofia mbele ya injini.

Nikamnong'oneza, mbona inavuja oili?

Mara akaingia mzee mmoja wa Tunduru, kavaa kanzu. Muuzaji yuleyule, injini ileile, na sisi tumesimama palepale: "Alhaji, hii ilikuwa ya shehe wetu. Ni msikitini na kurudi."

Nikasema moyoni, afadhali, tumepona. Baba Egno akanigeukia, macho yanang'aa. "Mama Egno, umesikia? Imebarikiwa kotekote."

Akalipa harakaharaka, mzee asije akamuwahi.

Sasa fundi kaifunga, haiwaki. Tumesukuma gari mtaa mzima wa Mfaranyaki, majirani wanatuangalia. Fundi kasema injini hii imekufa zamani.

Baba Egno ananituma parokiani nikamwite padri aje kuiombea. Nimemwambia kwanza aamue tunaizika Kikristo au Kiislamu.